Mguu Unaoomba Kupumzika: Ugonjwa wa Ateri za Miguuni

Katika mitaa mingi huonekana mzee ambaye, akitoka nyumbani kwenda sokoni au msikitini, hutembea vizuri hadi afikapo mahali fulani, tuseme mita mia mbili kutoka mlangoni pake. Hapo husimama. Huenda akamsalimu mpita njia kwa kirefu kuliko ilivyo desturi, au akajifanya kutazama bidhaa za duka, kumbe anangoja maumivu ya shavu la mguu yapoe. Baada ya dakika mbili au tatu mguu huwa kama mzima, naye huendelea na safari yake. Lakini akishatembea umbali ule ule, maumivu humrudia. Akiulizwa na wanawe hujibu kuwa ni uzee. Wanawe nao hukubali, kwa kuwa jibu hilo halina gharama.

Uzee peke yake hauleti maumivu ya namna hiyo. Maumivu yajayo kwa kutembea, yakaondoka kwa kusimama tu, kisha yakarudi baada ya umbali ule ule, ni dalili ya ugonjwa unaojulikana vyema katika elimu ya tiba, yaani kuziba kidogo kidogo kwa ateri zipelekazo damu miguuni. Mwaka 2010 wagonjwa wake duniani walikadiriwa kuwa zaidi ya milioni 200, na wengi wao wala hawakujua kuwa wanao.

Farasi wa Bouley

Ajabu ni kwamba dalili hii ilielezwa vizuri kwa mnyama kabla ya kuelezwa kwa binadamu. Mwaka 1831 Bouley, mganga wa mifugo wa Ufaransa, aliandika habari za farasi aliyekuwa akikokota gari. Farasi huyo akiwa amesimama hakuonyesha kasoro yoyote. Akikimbizwa kwa muda mfupi alianza kuchechemea miguu ya nyuma, na akipumzishwa alirudia hali yake ya kawaida. Ateri za mapaja yake zilikutwa zimeziba. Mwaka 1858 daktari Charcot, ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa elimu ya maradhi ya neva, alieleza mjini Paris habari za mtu mwenye dalili zile zile. Tangu wakati huo madaktari huiita hali hiyo kuchechemea kwa vipindi.

Ili kufahamu kwa nini mguu mgonjwa hutulia ukiwa umepumzika, yafaa kufuata njia ya damu. Kutoka moyoni, ateri kuu hushuka mbele ya uti wa mgongo, na karibu na usawa wa kitovu hugawanyika mara mbili, tawi moja kwa kila mguu. Tawi hilo hupita kwenye kinena, likashuka pajani, likapita nyuma ya goti, kisha likagawanyika tena katika ateri ndogo zaidi zifikazo kwenye kifundo na vidole. Misuli iliyopumzika huhitaji damu kidogo tu. Mtu akianza kutembea, na hasa akipanda mlima, misuli ya shavu la mguu hudai damu mara nyingi zaidi ya ile ya awali, kwa maana bila oksijeni iletwayo na damu haiwezi kuendelea na kazi. Ateri nzima hulitimiza dai hilo bila shida. Ateri iliyobanwa hutosheleza mguu uliolala, lakini haiutoshelezi mguu uendao, nao msuli uliokosa oksijeni hulalamika kwa maumivu.

Mabano madogo huwa na athari kubwa kuliko mtu anavyodhani. Katika miaka ya 1840, Poiseuille, mtaalamu mwingine wa Ufaransa, alichapisha matokeo ya vipimo vyake vya maji yapitayo katika vibomba vyembamba vya kioo. Upana wa bomba ukipunguzwa hadi nusu, na nguvu isukumayo ikabaki ile ile, maji yapitayo hayapungui hadi nusu, bali hadi sehemu moja ya kumi na sita. Ateri si kioo, na damu si maji, hivyo hesabu hiyo haiwezi kuhamishiwa mguuni kama ilivyo. Aidha mwili hujitetea: mishipa midogo iliyo chini ya pabano hujitanua, na vijia vya pembeni huota na kupanuka ili damu ipite kando, kama maji ya mfereji yatafutavyo njia pale takataka zinapoziba. Utetezi huo ndio sababu ugonjwa hukaa miaka mingi bila kujulikana.

Kinachoibana ateri ni mafuta, hasa kolesteroli, pamoja na chembe za mwili na baadaye chokaa, vikijikusanya ndani ya ukuta wake. Ukuta huo una utando laini upande wa ndani, na madhara yote huanza pale utando huo unapojeruhiwa. Wajeruhi wakubwa ni moshi wa tumbaku, kisukari, shinikizo la damu lililopanda na wingi wa kolesteroli katika damu. Miongoni mwao, tumbaku ndiyo inayopendelea miguu kuliko viungo vingine. Mwaka 1908 daktari Leo Buerger wa New York alieleza kwa kina ugonjwa mwingine wa mishipa ya mikono na miguu, ambao huwapata wavutaji walio bado vijana na kuwakata vidole kimoja baada ya kingine. Mpaka leo tiba yake ya kutegemewa ni moja, nayo ni kuacha tumbaku kabisa.

Maumivu yaliyonyamaza

Mwaka 1954 mpasuaji René Fontaine na wenzake waligawa safari ya ugonjwa huu katika hatua nne. Katika ya kwanza mgonjwa hana dalili. Katika ya pili huumwa akitembea. Katika ya tatu huumwa hata akiwa amelala, hasa usiku, na mara nyingi huuninginiza mguu kando ya kitanda ili damu ishuke kwa uzito wake. Katika ya nne vidonda hutokea, na nyama ya vidole au kisigino huanza kufa. Mpango huu ni mzuri kwa kufundishia, lakini wagonjwa hawalazimiki kuufuata. Mtu asiyetembea, ambaye kila safari yake ni ya gari au pikipiki, hawezi kuumwa kwa kutembea. Dalili yake ya kwanza yaweza kuwa kidonda kisichopona.

Mgonjwa wa kisukari yumo katika hatari kubwa zaidi. Kisukari huharibu ateri, na wakati huo huo huharibu neva ziletazo habari za maumivu. Mguu wenye ganzi huweza kukanyaga msumari, kuchubuliwa na kiatu au kuungua bila mwenyewe kujua. Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam, ambao wamefanya utafiti wa miaka mingi juu ya miguu ya wagonjwa wa kisukari, waliandika mwaka 2005 habari za wagonjwa wa Tanzania walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Hawakuhisi meno ya panya. Katika mguu kama huo, jeraha lihitajilo damu nyingi ili lipone hukuta njia ya damu imebanwa, na vijidudu vikishaingia hapana cha kuvizuia.

Kwa sababu hiyo desturi ya kuukanda mguu baridi kwa maji ya moto, ambayo kwa maumivu mengine huleta nafuu, haifai hapa. Ngozi isiyohisi joto huungua mapema, nayo ngozi isiyopata damu haiponi. Kuota moto au kuweka chupa ya maji ya moto miguuni kuna hatari ile ile. Mgonjwa wa kisukari hushauriwa kutazama nyayo zake kila siku, kwa kioo au kwa macho ya mtu mwingine, kupapasa ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, na kutokwenda pekupeku hata ndani ya nyumba.

Si kila maumivu ya mguu yatokayo kwa kutembea ni ya ateri. Mishipa ya neva ikibanwa kwenye uti wa mgongo maumivu hufanana sana, ila mgonjwa huyo hapati nafuu kwa kusimama. Hulazimika kuketi au kuinama. Vena zilizolegea huleta uzito na uvimbe wa jioni. Namna ya kutofautisha si ya gharama kubwa. Daktari hupapasa mapigo ya damu kwenye kinena, nyuma ya goti, nyuma ya kifundo upande wa ndani na juu ya unyayo. Kisha hupima shinikizo la damu mkononi na kwenye kifundo cha mguu, akisaidiwa na chombo kidogo kisikilizacho mwendo wa damu kwa mawimbi ya sauti, na kugawa la mguuni kwa la mkononi. Mtu mzima kiafya hupata 1.0 hadi 1.4. Ikiwa mkononi ni 130 na kifundoni ni 78, jawabu ni 0.6, nalo laonyesha ateri iliyobanwa, kwa kuwa 0.9 na chini ya hapo huhesabiwa kuwa ugonjwa. Jawabu lipitalo 1.4 nalo si la kufurahia: ateri zimekakamaa kwa chokaa hata haziwezi kubanwa na mpira wa kipimo, jambo la kawaida kwa wenye kisukari.

Kipimo hicho hueleza mengi kuliko habari za mguu. Ateri za moyo na za ubongo hupata madhara kutoka kwa wajeruhi wale wale. Miongoni mwa wagonjwa wanaochechemea kwa vipindi, ni wachache tu wanaofikia kukatwa mguu katika miaka mitano. Wanaofariki kwa maradhi ya moyo na kiharusi ni wengi zaidi. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa za kupunguza kolesteroli, za shinikizo la damu na za kuzuia damu isigande, kama vile aspirini, hata kama anasema mguu haumsumbui sana.

Tiba ya maumivu yenyewe huwashangaza wengi, kwani ni kutembea. Mgonjwa hutembea mpaka maumivu yawe makali kiasi, husimama yaishe, kisha huendelea, kwa muda wa dakika 30 hadi 60, mara tatu kwa juma au zaidi, kwa miezi mitatu na kuendelea. Misuli hujifunza kutumia vizuri damu ipatikanayo, na umbali wa kusimama husogea mbele. Wapo ambao huongezeka mara mbili. Mwenye kidonda, au anayeumwa akiwa amelala, hakuandikiwa tiba hii. Huyo ahitaji kufunguliwa njia ya damu. Mwaka 1948 Jean Kunlin wa Paris alitumia vena ya mgonjwa mwenyewe kujenga njia ya pembeni kulipita pabano la pajani. Januari 1964, katika mji wa Portland nchini Marekani, daktari wa eksirei Charles Dotter alipewa mwanamke wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu. Alipitisha vijiti vyembamba ndani ya ateri iliyobanwa, kila kimoja kikiwa kipana kidogo kuliko kilichotangulia, bila kisu cha upasuaji. Mguu ulipata joto, maumivu yakaisha, na mwanamke yule aliendelea kutembea kwa miguu yake miwili maisha yake yote yaliyosalia. Miaka kumi baadaye, mwaka 1974, Andreas Grüntzig wa Zurich alileta puto dogo lijazwalo ndani ya ateri, na ndilo mama wa vifaa vitumikavyo hadi sasa.

Iko hali moja isiyongoja kliniki. Donge la damu likiziba ateri ghafla, mguu huwa baridi, hupauka, huuma sana, kisha huingia ganzi na kushindwa kusogea. Misuli huanza kufa baada ya saa sita hivi. Mgonjwa wa namna hiyo hachuliwi wala hakandwi. Hupelekwa mara moja kwenye hospitali iwezayo kupasua, na wamletao hukumbuka saa ambayo maumivu yalianza, kwani hilo ni swali la kwanza la daktari.