Kati ya Sufuria na Sahani

Mtu anayeumwa tumbo baada ya kula kwenye mgahawa mdogo mjini Bunia humlaumu kwanza mpishi, au maji, au nyama. Kuna mshitakiwa mwingine anayestahili kuchunguzwa kabla ya hao, naye ni saa. Wali, maharage, sombe na samaki wa Ziwa Albert huivishwa mapema, tena huivishwa vizuri, moto ukiwa mkali na sufuria ikitokota. Kisha sufuria huteremshwa kwa sababu makaa ni ghali, hufunikwa, na chakula hupakuliwa kidogo kidogo kadiri wateja wanavyoingia, mpaka jua linapoelekea kuzama. Anayekula saa sita mchana na anayekula saa kumi wamenunua chakula kimoja kwa bei moja, lakini kwa upande wa usalama hawakula kitu kimoja. Ninachotaka kueleza ni kwamba tatizo hili la muda lina dawa ya zamani, iliyokomaa katika vibanda na nyumba za chai za Wachina zinazouza vifurushi vidogo vya unga vyenye nyama au mboga ndani, na kwamba dawa hiyo inaifaa Bunia hata kama mji hautaki kuonja sosi ya soya.

Kwanza tuone ubaya wa hizo saa. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba chakula kilichopikwa kiwekwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi au juu ya nyuzi 60, na kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa 2. Kati ya vipimo hivyo viwili bakteria hustawi. Wakipata unyevu na uvuguvugu wanaoupenda, baadhi yao huongezeka maradufu kila baada ya dakika 20, kwa hiyo mmoja tu anaweza kuzaa zaidi ya milioni 2 ndani ya saa 7. Wengi hudhani kupasha moto tena kunafuta kosa. Kwa bakteria aitwaye Bacillus cereus hakufuti. Mbegu zake hustahimili mchemko, huamka wali unapopoa taratibu, na sumu yake ya kutapisha ikishatengenezwa haivunjwi na moto wa jikoni. Miaka ya 1970 huko Uingereza wataalamu walifuatilia matapishi ya wateja wa migahawa, na njia ikawapeleka kwenye wali wa kukaanga wa migahawa ya Kichina: ulichemshwa kwa wingi, ukaachwa nje usiku kucha, kisha ukapitishwa haraka kwenye kikaango. Naitaja habari hiyo makusudi. Sisemi kwamba Wachina ni wasafi kuliko wengine. Jiko lilelile lina desturi inayoleta ugonjwa na desturi inayouzuia, na kazi yetu ni kuzitenganisha.

Desturi inayozuia ni hii. Katika duka la jiaozi, kama vifurushi hivyo vinavyoitwa kaskazini mwa China, au katika nyumba ya chai ya Guangzhou inayouza dim sum, kazi kubwa hufanyika kabla ya moto. Unga hukandwa, mchanganyiko wa ndani hukatwakatwa na kutiwa viungo, vifurushi hukunjwa kimoja kimoja na kupangwa. Moto wenyewe huja mwishoni, mteja akishaagiza, na hauchukui zaidi ya dakika kama kumi. Chakula hutoka kwenye mvuke kikafika mezani ndani ya kikapu kilekile kilichokipika. Umbo hili ni la kale sana: katika makaburi ya Astana, karibu na Turpan, wachimbuaji walikuta vifurushi vya unga vilivyokauka tangu enzi za Tang, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, vimekunjwa kama vinavyokunjwa leo. Udogo wake ndio siri. Muda ambao joto linahitaji kufika katikati ya chakula hukua kwa mraba wa unene wake, yaani kipande chenye unene maradufu huhitaji muda mara nne. Kifurushi cha sentimita tatu huiva mpaka kiini kabla mteja hajachoka kusubiri, wakati paja la mbuzi halimngojei mtu mwenye njaa.

Mvuke nao una nguvu ambayo watu huidharau kwa kuwa hawauoni ukiunguza. Kilo moja ya mvuke inapogeuka kuwa maji juu ya chakula hutoa kilojuli zipatazo 2,260, karibu mara saba ya joto lililohitajika kuyachemsha maji hayo kutoka joto la kawaida. Ndiyo maana mkono unaopita juu ya mdomo wa birika huungua papo hapo. Bunia iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,270 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yake huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mpishi anayefuata maelekezo ya Hong Kong au Shanghai aongeze dakika moja au mbili. Zaidi ya hapo mwinuko haudhuru kitu, kwa sababu ndani ya chakula tunatafuta nyuzi 70 tu, na nyuzi 96 zinatosha kutufikisha huko. Kikapu kikibaki juu ya maji yanayochemka, chakula hakishuki chini ya 60 hata mteja akichelewa. Sambusa na mikate ya kukaanga haziwezi kungoja hivyo. Zikitoka kwenye mafuta ni salama kabisa, lakini haziwezi kurudishwa humo kila mteja mpya akija, basi hukaa kwenye beseni, na ile nyama yenye unyevu ndani ya sambusa huanza kuhesabu saa zake.

Hapa muuzaji atauliza juu ya makaa, naye ana haki. Sufuria moja inayochemka kutwa nzima si itamfilisi? Ingemfilisi kama mvuke ungeachwa upotee hewani, maana kuyafanya maji kuwa mvuke hugharimu nishati nyingi. Lakini vikapu hupangwa kimoja juu ya kingine, vitatu, vinne, wakati mwingine zaidi, na mvuke uleule hupanda kutoka cha chini hadi cha juu. Moto mmoja unafanya kazi ya mioto minne. Maji yakishachemka, jiko dogo la udongo lenye makaa machache linatosha kuyaweka katika hali hiyo, mradi kifuniko kikae sawasawa. Isitoshe, hakuna mafuta ya kununua wala ya kumwaga, na mchana ambao wateja hawakuja, vifurushi visivyopikwa havikula makaa. Leo yule mama anayepika sufuria nzima ya maharage asubuhi hulipa gharama yote ya moto kabla hajajua kama watakuja watu kumi au arobaini. Katika mji ambao usalama wa barabara za Mahagi na Komanda huamua nani atafika sokoni siku hiyo, kulipia moto baada ya mteja kuagiza ni nafuu isiyo ndogo.

Wako watakaosema kwamba huu ni upishi wa kigeni, na kwamba Wachina ambao Ituri imewafahamu ni wale wa machimbo ya dhahabu mtoni, ambao hawakuja kufungua migahawa. Malalamiko juu ya machimbo hayo ni mazito na yana mahali pake. Hayahusu mvuke. Kwanga, inayoliwa nchi nzima, ni unga wa muhogo uliofungwa kwenye majani na kuivishwa kwa maji au mvuke. Liboke ni samaki aliyefungwa majani akaiva kwa unyevu wake mwenyewe. Majani mapana ya mongongo, ambayo Wambuti wa msitu wa Ituri huezekea vibanda vyao, yamefungia chakula tangu kabla ya sufuria ya alumini kufika huku, na kazi yake ni ileile ambayo jani la yungiyungi hufanya Guangzhou, linapofungia wali wa kunata na kuku. Sambusa yenyewe ilitoka mbali: imo katika kitabu cha mapishi cha Baghdad cha karne ya 10, na Ibn Battuta aliikuta Delhi mezani kwa sultani. Ilifika pwani ya Afrika Mashariki, ikapanda bara, na leo hakuna anayeiuliza hati ya kusafiria pale Bunia.

Unga wa ngano ni pingamizi la kweli zaidi. Ituri hailimi ngano ya kuilisha Bunia. Unga huja kwa malori kutoka upande wa Uganda, na bei yake hufuata dola na mpaka. Ningeliogopa pingamizi hili kama vifurushi vyote vingehitaji ngano, lakini havihitaji. Har gow, kile kifurushi cha kamba ambacho wapenzi wa dim sum hukitumia kumpima mpishi, kina ngozi ing'aayo isiyotokana na unga wa kawaida, bali wanga wa ngano uliochanganywa na wanga wa muhogo. Huko Huế, katikati ya Vietnam, wamekwenda mbele zaidi: bánh bột lọc hutengenezwa kwa wanga wa muhogo peke yake, ndani kamba na nyama ya nguruwe, na mara nyingi hufungwa kwenye jani la mgomba kabla ya kuwekwa kwenye mvuke. Muhogo, jani la mgomba, nyama kidogo, mvuke: sioni kitu hapo ambacho soko la Bunia halina. Ufundi wake ni mmoja tu unaotaka uangalifu. Wanga hauna gluteni inayovutika, kwa hiyo humiminiwa maji yanayochemka kabisa ili uive nusu na kushikamana, kisha hukandwa ungali moto. Wanga huo nao hupatikana kwa kukwaruza muhogo, kuukamua na kuuosha kwa maji mara kadhaa, na kuosha huko huondoa sehemu kubwa ya sianidi ya muhogo mchungu. Mazao ya nyumbani yangepata soko jipya lisilo la bugali peke yake.

Na kushiba je? Mtu aliyebeba mizigo tangu alfajiri hataki vitu vya kumung'unya na chai. Pingamizi hili linatokana na kuzifahamu nyumba za chai za kusini mwa China na kulisahau duka la kaskazini, ambako jiaozi ndiyo chakula chenyewe. Kule huagizwa kwa uzito, liang moja ikiwa gramu 50 za unga, na mfanyakazi mwenye njaa huagiza liang tatu au nne akaondoka ameshiba. Kuuza kwa hesabu ya vipande kuna jambo lingine ninalolipenda sana: mwenye faranga chache hununua vitatu bila aibu, kama anavyonunua mikate mitatu, na vitatu vyake vina moto na usalama uleule wa ishirini vya tajiri. Waislamu wa mji hawatengwi pia, maana Wahui wa China wamekunja jiaozi za ng'ombe na kondoo kwa karne nyingi.

Nimeliacha mwisho pingamizi lililo gumu kuliko yote, nalo ni nyama ya kusaga. Kwenye pande la nyama bakteria wengi wako juu, ambako moto hufika kwanza. Ukiisaga, unawatembeza mpaka ndani. Migahawa ya China huweka mchanganyiko wake kwenye friji. Bunia umeme ni wa mashaka: kituo cha Budana kwenye mto Shari kilijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya migodi ya Kilo-Moto, si kwa mji wa ukubwa wa sasa, na jenereta hula mafuta. Zaidi ya hayo, mteja hajui kilichofichwa ndani ya unga, na mashaka yake ni halali katika mji uliojifunza kwa uchungu kuuliza chakula kimetoka wapi na mikono iliyokigusa imenawa wapi, tangu Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Ituri na Kivu Kaskazini Juni 2020 baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Hili la mashaka lina jibu lililojaribiwa. Din Tai Fung ya Taipei, duka la mafuta ya kupikia lililogeuka kuwa mgahawa mwaka 1972, imejenga sifa yake kwa jiko la kioo: mteja anawaona wapishi wakikunja kila kifurushi kabla hajakila. Bunia hapahitajiki kioo. Meza ikiwekwa mlangoni, ndoo ya maji ya klorini ikiwa kando yake, na mikono ikifanya kazi mbele ya macho ya watu, kilichomo ndani hakifichiki tena.

Kuhusu friji sitadanganya kwamba mvuke unaiondolea haja. Bila baridi, nyama mbichi iliyosagwa isikae zaidi ya saa 2, basi na isagwe kidogo kidogo, ile ya mnyama aliyechinjwa asubuhi hiyo, na ikunjwe ikienda kwenye mvuke. Kwa duka linaloanza ningeshauri jambo rahisi zaidi: nyama ingoje mpaka friji ipatikane, na kazi ianze na kabichi ya nyanda za juu za Djugu, vitunguu, tangawizi, na mayai yanayokaangwa kwa zamu ndogo asubuhi na mchana, jinsi kaskazini mwa China wanavyokunja jiaozi za mayai na majani ya vitunguu. Sombe nayo inafaa, ikikamuliwa maji yake baada ya kuiva na kutumiwa ndani ya muda uleule wa saa 2. Na kuna desturi moja ya dim sum ambayo ningeomba iachwe hukohuko iliko, ile ya kuzungusha toroli la vikapu kati ya meza, kwa sababu kikapu kinachozunguka kinapoa. Hata Hong Kong nyumba nyingi za chai zimekwisha kuliacha, mteja akaandika agizo lake kwenye karatasi, na kikapu kikabaki juu ya maji yanayochemka mpaka kiitwe.