Ukuta wa Kukwea Uani: Michezo ya Watoto Waanzao

Mtoto hukwea kabla hajafundishwa. Huanza kwa goti la mamaye, kisha kiti, kisha dirisha, na miguu ikipata nguvu utamkuta mwembeni. Hapo wazazi hugawanyika: wako wakatazao kabisa, na wako waachao tu mpaka siku ya msiba. Mimi niliachwa. Nilipokuwa na umri wa miaka 10 niliteleza mwembeni, nikautanguliza mkono wa kushoto kuizuia ardhi, ukavunjika juu kidogo ya kiwiko. Ulipounga haukunyoka tena. Hata leo niinuapo mikono kwa takbira, mmoja hubaki nyuma ya mwenziwe.

Basi wajukuu wangu waliponijia na khabari za ukuta wa kukwea ujengwao nyumbani, mama yao, aliye binti yangu, alijibu kabla yangu: "Mkono wa babu yenu haujawatosha?" Sikumlaumu. Lakini nilifikiri kwamba mwembe hauna godoro chini yake, wala hauna mtu wa kuusimamia, nao watoto wataukwea tu siku ambayo hatupo.

Mchezo wenyewe si wa kihuni kama wengine wadhanivyo. Uliingizwa katika Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa mwaka 2021, na katika ile ya Paris ya mwaka 2024 kijana wa Indonesia, Veddriq Leonardo, alipata dhahabu kwa kuukwea ukuta wa mita 15 katika sekunde 4.75. Wazazi wa mabinti nao wajue kwamba Aries Susanti Rahayu, wa nchi hiyo hiyo, mwaka 2019 aliukwea ukuta wa urefu huo kwa sekunde 6.995, akiwa wa kwanza miongoni mwa wanawake kushuka chini ya sekunde 7. Naye hukwea na ushungi wake kichwani. Na sisi watu wa pwani, ambao wakwezi wetu hupanda minazi kila siku, tutaonaje ajabu?

Fundi seremala alitusimamishia uani mbao mbili za plaiwudi, kila moja futi 8 kwa 4 na unene wa milimita 18, zikakazwa juu ya miti mizito iliyofungwa katika ukuta wa nyumba. Vishikio alivifanya kwa masalio ya mbao ngumu, akazipiga msasa kingo zote. Nilimtaka atie skrubu mbili katika kila kishikio, kwani chenye skrubu moja huzunguka mkononi mwa mtoto na kumwangusha. Chini tukatandika magodoro mazito, yakibanana pasiwe na nafasi ya kuingia mguu. Nikapiga mstari mwekundu futi 3 kutoka chini: nyayo zisivuke hapo. Pete na bangili huvuliwa, na ncha za ushungi huchomekwa ndani ya nguo.

Mchezo wa kwanza ulikuwa kuanguka. Kwa siku tatu nzima hapana aliyeruhusiwa kukwea. Mjukuu wangu wa kiume alinuna sana. Watoto walisimama juu ya kiti kifupi, kisha nikataja jina, na aliyetajwa akajiachia: atue kwa nyayo mbili, akunje magoti, akae kitako na kubingirika kwa mgongo, mikono ameikumbatisha kifuani. Aliyeinyosha mikono nyuma au mbele alirudia. Laiti mtu angalinifundisha hayo chini ya mwembe ule.

Baada ya hapo tukaingia katika Mwendo wa Kaa. Mtoto hasafiri kwenda juu bali ubavuni, kutoka mwisho mmoja wa ukuta hata wa pili, na kiungo kimoja tu ndicho kiondoke. Vitatu vibaki vimeshika. Wenye pupa huanguka mapema. Kisha Miguu ya Paka: wenzake hufumba macho na kusikiliza, na wakisikia unyayo unagonga ubao, mkweaji hurudi mwanzo. Katika mchezo huu mtoto hujifunza kuutazama mguu wake mpaka utulie mahali, na kwamba kukwea ni kazi ya miguu kuliko mikono.

Lakini ule niupendao khasa tuliuita Ongeza Moja. Wa kwanza hushika kishikio kimoja, kisha cha pili, akashuka. Wa pili hurudia vile viwili akaongeza cha tatu. Wa tatu hurudia vitatu akaongeza cha nne, na zamu huzunguka hivyo. Anayesahau au kuanguka hutoka. Mwalimu wa chuo hawezi kuutazama mchezo huu bila kukumbuka hifdhi, ambayo mtoto hurudia aya za jana ndipo apewe ya leo. Tena nguvu peke yake haisaidii. Mjukuu wa kiume, mwenye mikono ya chuma, hukwama kwenye kishikio cha saba. Nduguye wa kike, mwenye miaka 9 na mikono kama ufito, amefika cha kumi na nne huku akivihesabu kwa midomo.

Upo pia mchezo wa fimbo, ambao mmoja huelekeza kwa ufito kishikio cha kufuata. Huu wataka mtu mzima awepo, maana kaka mkubwa akishika fimbo huwa dhalimu upesi.

Kuwekeana fedha tumekataza, kwani hiyo ni kamari. Kushindana kwenyewe hakuna ubaya, imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), mara ya kwanza akashindwa naye, na mara nyingine akamshinda, akamtania kwa hilo. Nusu saa yatosha, wala wasining'inie kwa ncha za vidole, kwa kuwa mifupa ya vidole vya mtoto ingali inakua.

Jioni moja, yule binti akiwa kwenye kishikio cha kumi na mbili, unyayo ulimtoka. Alianguka kinyumenyume. Niliuona mwembe wangu wote kwa mara moja. Naye akatua kwa nyayo, magoti yakakunjika, mikono kifuani, akabingirika godoroni na kuinuka akilalamika kwamba hesabu imempotea. Mama yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mwiko mkononi. Alitazama kitambo, kisha akasema adhana ya Magharibi i karibu, waende wakatawadhe.

Asubuhi yake nilimkuta peke yake uani na bisibisi, akikaza kishikio kilicholegea.