Mchekeshaji Naye Huenda kwa Nani?

Leo twataka kuwaza pamoja juu ya watu wanaotuchekesha.

Mjini London palikuwa na mchekeshaji aitwaye Joseph Grimaldi, aliyezaliwa mwaka 1778. Alijipaka uso rangi nyeupe, na mashavu akayatia wekundu. Hata leo wachekeshaji wa sarakasi humwiga. Watu walijaza majumba ya michezo ili wamwone akiruka na kuanguka. Lakini mwaka 1800 mkewe alifariki akijifungua. Kuruka kule kulimharibu viungo, akaacha kazi mwaka 1823. Mwaka 1832 mwanawe, mchekeshaji kama yeye na mlevi, naye akafa. Tangu miaka ya 1940 wachekeshaji humkumbuka kila Februari katika kanisa la Kianglikana huko London. Huja na nyuso zao za rangi na viatu vyao vikubwa, wakaomba na kuimba kama sisi.

Kuna kisa kimoja juu yake, nacho husimuliwa juu ya wachekeshaji wengine pia, kwa hiyo tusikishike kama historia. Mtu mwenye huzuni nyingi alikwenda kwa daktari, naye daktari akamshauri aende akamtazame Grimaldi. Yule mtu akajibu, "Bwana daktari, Grimaldi ndiye mimi."

Daktari hakuwa mjinga. Alitoa dawa iliyowafaa watu wote, ila hakuuliza mgonjwa wake ni nani. Nasi je? Kila kanisa lina mtu wake wa mzaha. Katika matanga ndiye huwachangamsha wafiwa. Ukimwuliza hali, hukujibu kwa kichekesho, nawe waenda zako ukicheka bila kutambua kwamba hukujibiwa. Siku akinyamaza twamlalamikia, "Mbona leo umetunyima?" Twakidai kicheko chake kama deni!

Hatusemi kwamba yeye ni mnafiki. Mithali 14:13 yatufundisha kuwa moyo waweza kuumia hata katika kicheko, wala haikiiti kicheko hicho uongo.

Basi tumwendee nyumbani jioni, wageni wakiisha kuondoka. Atatoa mzaha wa kwanza, na wa pili. Na tucheke, maana ndivyo anavyotukaribisha. Kisha tusiombe wa tatu. Tunywe chai polepole, tumwulize tena habari zake, na tusitazame saa.