Uhakiki wa Picha ya Mwanagenzi: Mfano wa Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyefika mwaka wa pili chuoni hashindwi kulihakiki shairi. Atahesabu mizani, atachunguza vina vya kati na vya mwisho, atatenga maudhui na fani, na hatimaye atatoa kauli inayoweza kutetewa. Mwanafunzi huyohuyo akionyeshwa na mwenzake picha iliyopigwa Jumamosi mtaani Kaloleni, ataitazama kwa nukta chache, aseme "Safi sana", kisha airudishe. Mpiga picha ataondoka na furaha kidogo, lakini hatakuwa amepata chochote cha kumsaidia kuipiga picha ya pili. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi maoni ya kujenga kuhusu picha za mwanagenzi yanavyoombwa na yanavyotolewa, na kwa nini jambo hili lina uzito wa pekee katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, inayojulikana kwa jumla kama Eastlands.

Lugha yenyewe inatoa mwanga. Kitenzi "kosoa" kinatokana na "kosa", na kwa umbo kinashabihiana na vitenzi vya kauli ya kutendua kama vile "chomoa" na "fumbua". Kwa hivyo anayekosoa analitoa kosa lilipokuwa. Matumizi ya mitaani yamelisahau hili, kiasi kwamba mtu akiambiwa kazi yake itakosolewa hujiandaa kwa matusi.

Mfano wa wazi zaidi unapatikana Mathare. Mwaka 1997 mpiga picha Lana Wong, akishirikiana na Francis Kimanzi na chama cha michezo cha vijana wa Mathare (MYSA) kilichoasisiwa mwaka 1987, aliwapa wavulana na wasichana 31 wa mtaa huo kamera za plastiki za bei nafuu ili wayapige picha maisha yao. Mradi huo uliitwa Shootback. Mwaka 1999 picha hizo, pamoja na maandishi ya vijana wenyewe, zilichapishwa kitabuni jijini London. Kimanzi ndiye ambaye baadaye aliifunza timu ya taifa, Harambee Stars. Pengine si ajabu kwamba kazi kama hii ilichipuka ndani ya chama cha kandanda: mchezaji huzoea kuelezwa baada ya kila mechi alipoteleza wapi, na hakuna anayemwambia kwamba kwa sababu hiyo yeye si mchezaji.

Filamu ya kawaida ya wakati huo ilikuwa na nafasi 24 au 36 tu. Ilipigwa ikaisha, ikapelekwa kuoshwa, ndipo picha zikaonekana. Baina ya kubonyeza na kuona palikuwa na muda wa kutosha kumfanya mwanagenzi asahau jua lilikuwa upande gani na alikuwa amesimama wapi. Aliyekuwa na daftari alikuwa na la kumjibu mhakiki. Asiye nalo alibaki kukisia. Simu ya leo huionyesha picha papo hapo, lakini pia humpa mpigaji nafasi ya kuifuta papo hapo, na hivyo ushahidi wa kosa hutoweka kabla ya mtu mwingine kuuona. Anayetaka kufunzwa asifute.

Suala la nani anayetoa maoni ni zito kuliko linavyoonekana. Mgeni anayezipokea picha za kijana wa Mathare, Korogocho au Dandora huelekea kuisifu ile ya mtoto aliye pekupeku kando ya mtaro wa maji machafu, akaipita ile ya dada anayesukwa nywele kibarazani. Huenda hana nia mbaya. Anasifu kile alichotarajia kukiona. Lakini kijana ana masikio. Juma lijalo ataleta mitaro mitatu. Sifa nayo ni ukosoaji, kwa kuwa humwonyesha mwanagenzi njia ya kurudia, na mtaa mzima waweza kuishia kutazamwa kupitia picha ambazo wakazi wake wamefunzwa na wengine kuzipiga. Wakazi hawakosi kulitambua hili. Swali "Picha hizo unaenda kuziuza wapi?" ni miongoni mwa maswali ya kwanza ambayo mtu mwenye kamera huulizwa katika mitaa hiyo, na ni swali la haki.

Je, mhakiki aanzie wapi? Aanze kwa kueleza anachokiona kabla ya kusema kama ni kizuri. Tuseme picha ni ya fundi wa viatu aliyeketi chini ya mwavuli kando ya barabara mtaani Jericho. Mhakiki atasema kwamba jicho lake limeangukia kwanza kwenye bango jekundu lililo nyuma ya fundi, kisha kwenye mwavuli, na mwisho kabisa kwenye mikono inayoshona. Hajalaumu chochote. Hata hivyo, ikiwa nia ya mpigaji ilikuwa mikono, basi amekwisha kuelewa kwamba bango limemnyang'anya picha yake, na kwamba hatua mbili upande wa kushoto zingeliondoa bango hilo. Ni vyema mpigaji anyamaze wakati wenzake wanaeleza, ndipo aseme alikusudia nini. Akitangulia kueleza nia yake, watazamaji watakiona alichowaambia wakione, na pengo baina ya kusudio na picha litafichika. Mtunzi wa shairi haandamani na shairi lake kwenda kulifafanua kwa kila msomaji.

Wanaisimu watavutiwa na jambo jingine hapa, nalo ni kiima cha sentensi. Linganisha "Wewe hujui kupiga picha" na "Uso umemezwa na kivuli". Katika sentensi ya kwanza kiima ni mtu, na hukumu ni ya kudumu. Katika ya pili kiima ni uso, na tatizo ni kivuli, ambacho kinaweza kuhama. Tofauti hii ni muhimu zaidi Eastlands, ambako vijana wamelelewa katika mchongoano, ule utani wa kupigana kwa maneno ambao ustadi wake ni kumlenga mtu moja kwa moja, hata nyumba na wazazi wake. Mchongoano ni sanaa, na wapo wanafunzi wa fasihi simulizi wanaoitafiti. Lakini kikundi cha wapiga picha kikiuachia uingie katika uhakiki, hodari wa maneno ndiye atakayesikika, na mwenye picha iliyochekwa hataleta nyingine. Kiongozi wa kikundi anaweza kuzuia hilo kwa sharti dogo tu: kila sentensi ianze na kitu kilicho ndani ya picha.

Mhakiki mwema pia hutenganisha kosa la mtu na kosa la chombo. Kamera za plastiki za bei ya chini huwa na lenzi isiyorekebishika. Kitu kilicho karibu mno hutoka na ukungu hata mkono wa mpigaji ukiwa imara namna gani. Kumlaumu mwanagenzi kwa ukungu huo ni kumwonea. Kinachoweza kujadiliwa ni uamuzi wake wa kusogea karibu kiasi kile.

Mwanga nao unahitaji maelezo ya kina, maana ndio unaowakwaza wengi. Nairobi iko takriban nyuzi 1.3 tu kusini mwa Ikweta. Saa sita za mchana jua huwa karibu na utosi, macho ya watu yakageuka mashimo meusi chini ya paji la uso. Zaidi ya hayo, kamera inayojipimia mwanga, zikiwamo za simu, hukisia kwamba mandhari iliyo mbele yake ina wastani wa kijivu. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta wa mabati mapya yanayometameta, kamera huona mng'aro mwingi, ikapunguza mwanga, na uso ukapotea gizani. Mwanagenzi akiambiwa tu kwamba picha yake "ni giza" hatajua la kufanya. Akielezwa kwamba mabati yameidanganya kamera, atajua: asogee hadi uso ujaze fremu, au auguse uso huo kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo, au amwombe mhusika ahamie kwenye kivuli cha ukuta usiong'aa, au arudi saa kumi na moja jioni. Inafaa kukumbuka pia kwamba kwa miongo kadhaa maabara za kuoshea picha zilisawazisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu. Ngozi nyeusi iliyotoka bila sura haikuwa daima kosa la aliyeshika kamera.

Upande wa anayeomba maoni, kosa kubwa ni swali pana. Anayeuliza "Picha yangu ikoje?" ameomba pongezi, naye atapewa. Anayeuliza "Ni kitu gani hapa kingeondolewa bila picha kupungukiwa?" amempa mtazamaji kazi, na mtazamaji akipewa kazi huangalia kweli. Picha tatu zatosha kwa kikao kimoja. Thelathini humchosha mhakiki, na pia zinaonyesha kwamba mpigaji amekwepa jukumu la kuchagua. Ni vizuri hata hivyo kuja na zilizopigwa kabla na baada ya ile iliyochaguliwa, kwa maana mara nyingi picha bora ni ile jirani yake, iliyokataliwa kwa sababu mhusika alikuwa amefumba macho au alikuwa akicheka.

Kuna mhakiki mmoja ambaye husahauliwa takriban kila mara, naye ni yule aliyepigwa picha. Mmoja wa vijana wa Shootback, Julius Mwelu, alikuja kuwa mpiga picha wa kulipwa na mwaka 2007 akaanzisha wakfu wenye jina lake ili kuwafunza vijana wa Mathare. Faida ya mwalimu wa aina hiyo ni kwamba picha na aliyepigwa wako mtaa mmoja, na kurudi kuionyesha ni mwendo wa dakika chache. Tuseme fundi wa Jericho analetewa nakala yake. Hatazungumzia bango wala mwavuli. Ataitazama kwa muda, kisha atauliza ni kwa nini kiatu alichokimaliza asubuhi, kile chenye soli mpya, hakionekani popote.