Je, Wajua? Umri wa Kilimia

Je, wajua kwamba dinosaria wa Tendaguru, kule Lindi, walikwisha kufa na kufukiwa kabla Kilimia hakijawaka angani? Mifupa yao, ikiwemo ya yule mwenye shingo ndefu aliyesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, ina miaka milioni 150 hivi. Kilimia, kikundi cha nyota ambacho wakulima wamekitazamia mvua tangu zama za mababu, kina takriban milioni 125. Kwa nyota, huo ni utoto. Jua letu lina milioni 4,600.

Umri huo umejulikanaje, nasi tuko umbali wa miakanuru 440? Kwa lithiamu, metali ileile ya betri za simu. Mwanga wa nyota ukipitishwa kwenye spektroskopu hutawanyika ukawa utepe wa rangi, uliokatwakatwa na mistari myeusi, na kila elementi ina mistari yake. Wa lithiamu uko upande wa wekundu, kwenye nanomita 670.8. Ni mwembamba, na kwenye nyota hafifu hauonekani bila darubini kubwa, mfano Keck ya Hawaii yenye kioo cha upana wa mita 10.

Utamu wenyewe uko hapa. Lithiamu haivumilii joto: kiini cha nyota kikifika nyuzi milioni 2.5 hivi, huteketea. Nyota ndogo nyekundu hujikoroga kutoka juu mpaka kiini, kwa hiyo akiba yake yote huishia motoni. Ila kadiri nyota ilivyo ndogo, ndivyo inavyochelewa kupata joto hilo. Basi wanaastronomia huanza na nyota zenye mwanga zaidi, wakashuka kwa zilizofifia, mpaka wakute mahali ambapo mstari wa lithiamu unajitokeza tena. Mpaka huo husogea jinsi nyota zinavyozidi kuzeeka, na mwaka 1998 ndio uliotoa ile miaka milioni 125. Hesabu za awali, zilizotegemea nyota kubwa, zilikuwa zimekipunguzia Kilimia umri.

Kabla ya hapo, mwaka 1995, lithiamu ilionekana kwenye PPl 15, kibete cha kahawia kilichomo katika Kilimia, yaani kitu chenye maada pungufu mno kuweza kuchoma haidrojeni kama nyota. Spektra za baadaye zikafichua kituko kingine: kumbe ni vibete viwili, vinazungukana kwa siku 6 hivi!

Na ule ukungu wa buluu wa kwenye picha za Kilimia? Wengi hudhani ni mabaki ya wingu lililozizaa nyota hizo. Desemba 1912, Vesto Slipher wa kituo cha uchunguzi wa anga cha Lowell, Arizona, aliupima karibu na nyota Merope ya Kilimia. Hakupata mistari ya kung'aa ya gesi. Alipata mistari myeusi ya nyota zenyewe, maana ukungu ule ni vumbi linaloakisi mwanga wao. Tena halina undugu na Kilimia: vipimo vya kasi vinaonyesha vumbi linakwenda njia yake, na nyota zimekatiza tu katikati yake.