Kompyuta ya michezo: vipande vipatane kwanza, ndipo pesa itoke

Juma hili sisemi juu ya minervali wala juu ya homa ya watoto. Nataka kuwasimulia namna dola 45 zilivyopotea nyumbani kwangu, ili zenu zisipotee.

Mdogo wangu wa kiume anakaa kwangu hapa Bukavu. Nilikuwa nimemwahidi kwamba akipata diploma yake ya Serikali, nitamtafutia kompyuta. Akaipata. Zamu yangu ya likelemba ilipofika, nilimwita nikamwonyesha dola 550. Lakini hakutaka ile ya kubeba mkononi. Alitaka ya kuunga mwenyewe, kipande kwa kipande, yenye nguvu ya kucheza mpira na mbio za magari.

"Yaya," akaniambia, "hii nitaiunga kwa mikono yangu. Siku ikiharibika, nitajua pa kushika." Mimi ni mwalimu; kijana anayetaka kujua kitu kinafanya kazi namna gani, siwezi kumkatalia.

Kosa letu ni kwamba tulinunua kama watu wanaonunua nyanya sokoni. Kipande kimoja kwa mfanyabiashara anayeleta vitu toka Kampala, kingine kwa anayeleta toka Dubai, kila kimoja kwa sababu siku ile bei ilikuwa nzuri. Tulipokaa mezani kuviunga, RAM ilikataa kuingia. Tulikuwa tumenunua ya aina ya DDR5, na kadi mama yetu inapokea DDR4 tu. Ukizilaza pamoja utadhani ni mapacha: urefu ni ule ule, na kila moja ina vijino 288 vya kugusia umeme. Lakini pengo la katikati halikukatwa mahali pamoja, na limewekwa hivyo makusudi ili mtu asichanganye. Tunashukuru kijana hakulazimisha, angevunja na kadi mama.

Muuzaji alisema paketi imekwisha kufunguliwa, hawezi kuirudisha. Jioni ile mdogo wangu hakula. Mimi nilimwambia maneno makali juu ya pesa ya likelemba, maneno ambayo usiku yalininyima usingizi. Kwa sababu nilikuwa nimetoa pesa bila kuuliza swali hata moja. Nilidhani mambo ya kompyuta ni ya vijana, mama hana la kuuliza.

Kesho yake nilichukua daftari, tukakaa pamoja. Tuliandika maswali matano. Mama yeyote anaweza kuyauliza, hata kama hajawahi kugusa kompyuta.

La kwanza: prosesa na kadi mama vinapatana? Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote. Kadi mama ni ubao mpana ambao vipande vingine vyote vinachomekwa juu yake. Prosesa inakaa katika soketi yake, na kila soketi ina jina. Za AMD zinazopatikana sana ni AM4, na AM5 iliyotoka mwaka 2022. Za Intel za kizazi cha 12 mpaka cha 14 zinatumia LGA 1700. Majina hayo yawe sawa pande zote mbili. Sisi tulichukua Ryzen 5 5600, ambayo ni ya AM4. Tena, kama kadi mama ni ya zamani kidogo kuliko prosesa, mwombe muuzaji ahakikishe kwamba programu yake ya ndani, inayoitwa BIOS, imesasishwa. Bila hiyo soketi inaweza kuwa sawa na mashine isiwake.

La pili: RAM ni ya aina gani? AM4 inataka DDR4. AM5 inataka DDR5. Kwa LGA 1700 kuna kadi mama za DDR4 na nyingine za DDR5, kwa hiyo soma karatasi ya kadi mama yenyewe. Hapo ndipo sisi tulipoanguka.

La tatu: picha itatoka wapi? Prosesa yetu haina uwezo wa kutoa picha kwenye skrini peke yake. Ndugu yake mwenye herufi G, yaani 5600G, anao. Za Intel zenye herufi F mwishoni hazina. Kwa hizo zisizo na uwezo, bila kadi ya picha skrini inabaki nyeusi. Na kwa michezo mizito kadi ya picha ndiyo injini. Sisi tulipata Radeon RX 6600.

La nne: umeme unatosha? Prosesa yetu imeandikwa wati 65, kadi ya picha wati 132. Jumla ni wati 197, na bado kuna diski na feni. Kisanduku cha umeme cha wati 500 kinatuachia nafasi ya kupumua. Msichukue cha bei ya chini kabisa, kwa sababu kikiungua kinaweza kuondoka na vingine. Angalieni pia nyuma yake: baadhi vina kiswichi chekundu chenye maandishi 115 na 230. Umeme wetu ni wa volti 220, basi kikae kwenye 230 kabla ya kuchomeka. Kikiwa kwenye 115, kinalipuka mara moja.

La tano: vyote vitaingia ndani ya sanduku? Kadi mama ya ATX ina urefu wa milimita 305 na upana wa 244. Ile ya Micro-ATX kwa kawaida haizidi 244 kila upande. Ndogo inaingia katika sanduku kubwa, lakini kubwa haiingii katika dogo. Na kadi ya picha ina urefu wake. Nilitoa utepe wangu wa kushonea, nikapima sanduku dukani mbele ya muuzaji. Alicheka, lakini alingoja.

Baada ya kuandika vipande vyote kwenye ukurasa mmoja na kuvilinganisha, ndipo tulirudi kununua vilivyobaki. Siku mashine ilipowaka, mdogo wangu aliniita jikoni kwa kelele, nikaacha sombe motoni nikakimbia. Sasa saa za kucheza tumezipanga, na mchana anajifunzia kuchora mipango ya nyumba juu ya mashine ile ile.

Wamama, mtoto akiwaomba pesa ya kipande kimoja, msikatae na msitoe haraka. Mwambieni alete ukurasa wenye vipande vyote. Kuuliza si ujinga.

Ile RAM ya DDR5 bado iko kabatini. Mdogo wangu anasema siku moja atanunua kadi mama ya kuipokea. Nikamjibu: "Na prosesa utabadilisha pia, maana hii yetu ni ya AM4." Alinitazama, kisha akacheka. "Yaya, kumbe umeshika somo!"