Mpaka Uliofungwa kwa Ajili ya Nyuki

Mpaka baina ya Kanada na Marekani ndio mrefu kuliko mipaka yote iliyo baina ya nchi mbili duniani, na kwa miaka mingi mataifa hayo mawili yamejivunia kwamba hakuna majeshi yanayokabiliana juu yake. Hata hivyo, mwaka 1987 Serikali ya Kanada iliufunga mpaka huo mbele ya msafiri mmoja ambaye hadi wakati huo alikuwa akivuka kwa mamilioni kila mwaka, tena kwa malori. Msafiri huyo ni nyuki wa asali.

Askari aliyepata kushika zamu penye kizuizi cha barabara atauliza mara moja: mdudu mwenye mabawa huzuiwaje? Swali hilo ni la haki. Na jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini mwananchi wa kawaida wa Winnipeg, au wa Minnesota upande wa pili wa mpaka, mwenye mizinga miwili mitatu uani mwa nyumba yake, hupata taabu kubwa kila mwaka kuwafikisha nyuki wake mwezi wa Aprili wakiwa hai.

Yafaa kwanza ifahamike kwamba nyuki wa asali si mwenyeji wa bara hilo. Aliletwa na walowezi kutoka Ulaya, na mwaka 1622 alikuwa amekwisha kufika Virginia. Katika majimbo ya Kanada yaliyo nyanda za magharibi, yaani Manitoba, Saskatchewan na Alberta, baridi huweza kushuka chini ya sentigredi 30 kasoro sifuri, na ardhi hufunikwa na theluji kwa muda wa miezi mitano au zaidi. Kundi moja la nyuki huhitaji kuachiwa asali ya kilo 30 hadi 40 ili livuke kipindi hicho. Wafuga nyuki wengi wa huko walipiga hesabu wakaona kwamba asali hiyo ina bei kubwa kuliko nyuki wenyewe. Basi kwa miongo kadhaa waliwaua nyuki wao kwa hewa ya sumu kila ilipofika mwisho wa kiangazi, wakachukua asali yote, na majira ya kuchipua yalipowadia wakanunua wengine kutoka majimbo yenye joto ya Marekani. Nyuki hao walisafirishwa katika visanduku vya wavu vyenye uzito wa kilo moja hivi ya nyuki pamoja na malkia wao. Ulikuwa ni ufugaji wa kukodi, si wa kufuga.

Kufungwa kwa mpaka kulikomesha mtindo huo kwa siku moja. Sababu ilikuwa wadudu wawili wadogo, wote wa jamii ya utitiri. Wa kwanza, anayeishi ndani ya njia za pumzi za nyuki, alionekana Texas mwaka 1984. Wa pili, aitwaye varoa, aligunduliwa nchini Marekani mwaka ule ule wa 1987. Varoa ana rangi ya kahawia iliyoiva na ukubwa wa kichwa cha pini. Asili yake ni Asia, ambako aliishi na nyuki wa huko bila ya kuwamaliza, kwa kuwa walikuwa wamezoeana tangu zamani. Nyuki wa Ulaya hakuwa na mazoea hayo.

Je, kizuizi kilifaulu? Mwaka 1989, miaka miwili tu baada ya mpaka kufungwa, varoa alionekana Kanada. Kizuizi kilimchelewesha adui, wala hakikumzuia. Lakini wakuu wa kilimo wa Kanada hawakukiondoa. Waliruhusu malkia kutoka Hawaii mwaka 1993, na malkia kutoka Marekani bara mwaka 2004, huku visanduku vya nyuki kutoka bara vikiendelea kukatazwa kwa miaka mingi baadaye. Hoja yao ni rahisi kueleweka kwa mtu wa ukaguzi: malkia na wahudumu wake wachache waweza kutazamwa mmoja mmoja, lakini kisanduku chenye maelfu ya nyuki hakikaguliki.

Kwa hiyo, tangu 1987 wafuga nyuki wa Kanada hawakuwa na budi kujifunza jambo ambalo wengi wao walikuwa wameliepuka: jinsi ya kuwavusha nyuki katika majira ya baridi. Na hapo ndipo penye makosa mengi ya wanaoanza.

Wengi hudhani kwamba nyuki hulala usingizi wakati wa baridi. La hasha. Joto likishuka chini ya sentigredi 14 hivi, nyuki hukusanyika pamoja na kufanya bumba juu ya masega, malkia akiwa ndani yake. Hutikisa misuli ya mabawa bila ya kuyapiga mabawa yenyewe, na mtikisiko huo huzaa joto. Katikati ya bumba joto hukaa kwenye sentigredi 20 au zaidi, na nje kabisa hukaa karibu na 10. Nyuki akipoa chini zaidi ya hapo huganda na kuanguka. Walio nje huingia ndani na walio ndani hutoka nje, kama walinzi wanavyopokezana lindo usiku. Hawaupashi moto mzinga, hujipasha moto wao wenyewe, na kuni zao ni asali.

Basi baridi peke yake haiwaui nyuki wenye siha, walio wengi, na wenye akiba ya kutosha. Unyevu huua zaidi. Pumzi ya bumba ina mvuke, nao hupanda na kugeuka maji chini ya kifuniko chenye baridi, kisha maji hayo huwadondokea nyuki. Nyuki mkavu hustahimili sana. Nyuki aliyelowa hafiki asubuhi. Ndiyo maana mfugaji wa uani hutoboa tundu dogo upande wa juu wa mzinga ili mvuke upate njia, na huuzungushia mzinga karatasi nyeusi ya lami inayovuta jua na kukinga upepo. Mlango wa chini huupunguza hadi panya asiweze kupita, maana panya hupenda sana nyumba yenye joto na chakula. Wengine, hasa wenye mizinga mingi, huiingiza yote ghalani, gizani, kwenye joto la sentigredi 4 au 5.

Njaa nayo ina hila yake. Yaweza kutokea kwamba kundi zima limekufa njaa huku sega lenye asali likiwa sentimita chache tu pembeni. Baridi ilikuwa kali mno hata bumba halikuweza kujongea. Aidha, vifo vya njaa havitokei zaidi mwezi wa Januari, bali Machi na Aprili, malkia anapokuwa ameanza tena kutaga na majana, yaani watoto wa nyuki, yanahitaji joto la sentigredi 34 au 35. Matumizi ya asali hupanda ghafula wakati ghala linakaribia kuwa tupu, na nje hakuna ua hata moja. Mfugaji mwenye hadhari huwapa nyuki wake maji ya sukari mwezi wa Septemba, sehemu mbili za sukari kwa sehemu moja ya maji, ili wapate muda wa kuyakausha kabla ya baridi. Akichelewa, anakuwa amewaongezea unyevu badala ya chakula.

Lakini yote hayo, karatasi, tundu na sukari, ni kazi bure ikiwa jambo moja limekosewa mwezi wa Agosti. Nyuki kibarua wa kiangazi huishi wiki sita hivi. Nyuki wa majira ya baridi huishi miezi mitano hadi sita, kwa sababu amelelewa kwa chakula kingi na kujaza mwilini akiba ya mafuta. Huzaliwa mwishoni mwa kiangazi. Na varoa huzaana ndani ya vijumba vya masega, chini ya kifuniko cha nta, juu ya mtoto wa nyuki. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba chakula chake hasa ni mafuta hayo hayo ya nyuki. Tena huacha nyuma yake virusi vinavyokunja mabawa. Mwezi wa Agosti malkia hupunguza kutaga, majana hupungua, lakini utitiri umefikia wingi wake mkubwa. Kwa hiyo kila mtoto hushambuliwa na wengi zaidi, na watoto hao ndio wanaotegemewa kuvuka baridi. Mzinga unaokutwa mtupu mwezi wa Februari, wenye asali tele na nyuki kiganja kimoja, kwa kawaida ulikwisha kuhukumiwa miezi sita kabla. Mwenye mzinga hulaumu theluji.

Dawa yake huanza kwa kuhesabu. Nyuki 300 huoshwa ndani ya spiriti, utitiri huanguka, nao huhesabiwa. Wakizidi watatu kwa kila nyuki mia, mfugaji hana ruhusa ya kungoja. Mfugaji mpya huona uchungu kuwaua nyuki 300, na huruma hiyo mara nyingi humgharimu nyuki maelfu. Iko asidi ya fomiki, ambayo mvuke wake hupenya vifuniko vya nta, na iko asidi ya oksaliki, inayofaa zaidi mwanzoni mwa baridi wakati mzinga hauna majana. Dawa zilizotumiwa ovyo zimepoteza makali: ilikuwa hivyo kwa fluvalineti katika miaka ya 1990, na wataalamu waliochunguza vifo vikubwa vya nyuki nchini Marekani katika msimu wa 2024 hadi 2025 walikuta virusi pamoja na utitiri usiosikia dawa ya amitrazi. Katika msimu huo wafuga nyuki wakubwa wa Marekani walitoa taarifa ya kupoteza, kwa wastani, asilimia 62 ya makundi yao. Kanada, katika baridi ya 2021 hadi 2022, ilikuwa imepoteza asilimia 45.5.

Liko pia suala la ujirani. Mzinga uliodhoofika vuli hauna walinzi, na nyuki wa jirani huja kuiba asali yake. Hurudi nyumbani na asali, na utitiri mgongoni. Mtu aliyetibu mizinga yake barabara hujikuta ameambukizwa upya kutoka uani mwa mwenzake aliyesema kwamba nyuki ni viumbe wa porini na watajitunza wenyewe.

Kanada ina hofu nyingine inayohusu Afrika. Mwaka 1956 malkia wa nyuki walipelekwa Brazili kutoka Afrika; mwaka uliofuata baadhi ya makundi yalitoroka, na kizazi chake kilifika Texas mwaka 1990. Nyuki hao hawakuumbwa kwa baridi ndefu. Katika mbuga za Tanzania, chakula kikiadimika, kundi huhama mzinga na kutafuta maua kwingine. Kuhama Manitoba mwezi wa Januari ni kufa. Kwa upande mwingine, varoa alithibitishwa kuwapo Kenya na Tanzania mwaka 2009, na nyuki wa huku wameonekana kuishi naye bila ya dawa, jambo ambalo watafiti wa ng'ambo wanalifuatilia kwa makini.

Mwezi wa Mei, mfugaji wa Winnipeg aliyebakiwa na kundi moja lenye nguvu huligawa mara mbili. Nusu hubaki na malkia wa zamani, nusu hupewa malkia mpya, na mzinga uliokuwa mtupu huwa na nyuki tena bila ya lori lolote kuvuka mpaka.